Kubana Pua, Kuhesabu Vidole au Kujiuliza Swali: Kipimo Kipi Kikufundishe Kujitambua Ndotoni?

Nimewahi kuhesabu vidole vyangu ndotoni nikapata vitano, nikaridhika, nikaendelea kutembea ndani ya nyumba isiyo na paa huku maji yakinifika magotini. Vidole ni vitano, kwa hiyo niko macho: ndivyo nilivyojiambia. Nilipoamka niliumia moyoni kama mtu aliyepita mbele ya mlango ulio wazi bila kuuona. Wiki chache baadaye, katika ndoto ambayo haikuwa na ajabu lolote, nilifumba mdomo, nikabana pua, nikavuta pumzi, na hewa ikapita kana kwamba hakuna kilichoizuia. Hapo nikajua. Chumba kilikuwa kilekile na watu walikuwa walewale, ila sasa nilijua kwamba nimelala.

Mtu mmoja, vipimo viwili, matokeo mawili tofauti. Tangu hapo nimevijaribu vipimo vingi vya uhalisia, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa wiki kadhaa. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya yule anayeanza leo na hajui ashike kipi.

Ndoto ya kujitambua ni ile ambayo mwotaji, akiwa bado ndani yake, anajua kwamba anaota. Si lazima aitawale. Kujua kunatosha. Frederik van Eeden, daktari na mwandishi wa Uholanzi, ndiye aliyelizoesha jina ambalo watafiti wanalitumia hadi leo, katika andiko lake la mwaka 1913. Kwa muda mrefu baada ya hapo, wataalamu wengi wa usingizi walizitilia shaka habari hizi. Walisema huenda mtu alizinduka kidogo tu akadhani bado anaota. Kisha mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull nchini Uingereza, Keith Hearne alimlaza Alan Worsley maabara, na Worsley, akiwa usingizini, akayapeleka macho kushoto na kulia kwa mpangilio waliokuwa wameupatana. Katika hatua ya usingizi yenye ndoto nyingi, mwili karibu wote huwa umelegezwa, isipokuwa macho na misuli ya kupumua. Macho yakawa ndiyo kauli yake. Baada ya muda mfupi Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alithibitisha jambo hilohilo kwa kutumia ishara za macho. Tuikumbuke ile misuli ya kupumua, maana tutairudia.

Wala si kipaji cha watu wachache. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliojumlisha tafiti za miaka 50 ulikadiria kwamba asilimia 55 ya watu wamewahi kuota ndoto ya namna hii angalau mara moja maishani, na asilimia 23 huiota mara moja au zaidi kwa mwezi. Wengi wetu imetujia yenyewe. Swali ni namna ya kuiita.

Kipimo cha uhalisia ni njia mojawapo ya kuiita. Ni tendo dogo unalolifanya mchana, ukiwa macho, tena na tena, pamoja na swali la dhati: je, naota? Mambo tuliyoyazoea mchana hutufuata ndotoni. Anayeshinda akiandika huota anaandika, na anayeshinda akijipima, siku moja atajipima usiku, na jibu litakuwa tofauti. Inahitajika hila ya namna hii kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo na kukumbuka nia, hufanya kazi kwa kiwango cha chini tunapoota. Ndiyo maana mtu huongea na samaki bila kushangaa. Shaka haiji yenyewe, lazima iwe imeshajengwa kuwa tabia.

Nimepima kila njia kwa mambo manne. Je, inasema kweli, au inaweza kukwambia uko macho ilhali umelala? Je, unaweza kuifanya mbele za watu bila kuona haya, maana usiyoweza kuifanya mbele za watu utaiacha? Je, inakulazimisha kufikiri, au mwili unaweza kuifanya peke yake? Na je, inalingana na ndoto zako wewe, si za mwingine?

Pua na vidole

Hivi ndivyo vipimo vinavyotajwa zaidi, na ndivyo wanaoanza huvilinganisha kwanza. Niseme mapema: ukitaka kimoja tu, chukua pua.

Namna yake ni hii. Fumba mdomo, na usilisahau hilo, kwa sababu mdomo ukiwa wazi hata kidogo kipimo hakina maana. Bana pua kwa gumba na kidole cha shahada mpaka hewa isipite. Kisha vuta pumzi taratibu. Ukiwa macho, kifua kinagoma papo hapo. Ukiwa ndotoni, mara nyingi hewa inapita, nawe unausikia mshangao wake mwili mzima. Maelezo yanayotolewa yanaeleweka kwa urahisi: pua uliyoibana ni ya ndotoni, ile yako ya kweli iko wazi juu ya mto, na misuli ya kupumua haikulegezwa kama mingine. Mwili unaendelea kuvuta hewa, na ndoto haina cha kuizuia nacho.

Uzuri wake ni kwamba hakihitaji macho. Ndoto ni fundi wa picha, inaweza kukuchorea karibu chochote unachotarajia kukiona. Kipimo cha pumzi kinaiondoa kwenye uwanja wake. Kinafaa pia gizani, kinafaa kwa mtu ambaye ndoto zake zina picha hafifu, na kinamfaa asiyeona. Nacho hakichukui zaidi ya sekunde tatu.

Vidole navyo huenda hivi: unakitazama kiganja, unahesabu kidole kimoja kimoja, unageuza mkono, unahesabu tena. Ndotoni mkono unaweza kuwa na vidole sita, au vikaungana, au vikarefuka kadiri unavyovitazama. Kikikubali, kinakubali kwa namna isiyosahaulika. Shida ni pale kinapokataa. Mkono wako umeuona kila siku tangu ulipozaliwa. Ubongo unaujua kuliko kitu kingine chochote, na ukiutazama ukiwa na hakika kwamba utakuwa na vidole vitano, mara nyingi utaletewa vitano. Tarajio lako ndilo kalamu ya ndoto. Ndicho kilichonipata katika ile nyumba isiyo na paa.

Lakini vidole vina mambo mawili ambayo pua haina. La kwanza, hakuna atakayejua unafanya nini. Unaweza kuhesabu vidole ukiwa mkutanoni au kwenye foleni, na mtu aliye karibu nawe akadhani unazitazama kucha zako. Kubana pua mbele za watu huhitaji ujasiri kidogo, au uwe na namna ya kuipitisha kama mtu anayejikuna. La pili, kutazama mikono huituliza ndoto. Ndoto ya kujitambua ni nyepesi, hukatika kwa furaha tu ya kuigundua, na waotaji wengi, mimi nikiwamo, huona kwamba kuitazama mikono au kuisugua kunazuia picha isififie. Kwa hiyo aliyezoea vidole tayari anajua pa kupeleka macho baada ya kugundua.

Pua nayo hukosea, nisije nikaisifu kupita kiasi. Kuna ndoto ambamo pumzi imegoma, hasa nikiijaribu kwa wasiwasi huku nikiamini itagoma. Na kuna kosa baya zaidi: hewa inapita, na mwotaji anajiambia, naam, mimi siku zote huweza kupumua hivi. Akili iliyolala ni hodari wa kutoa sababu. Kinga ya kosa la kwanza ni kulijaribu tendo lenyewe mara mbili. Kinga ya kosa la pili haimo ndani ya tendo lenyewe, nami nitaieleza mbele kidogo.

Maandishi, saa na swichi ya taa

Kusoma maandishi mara mbili ni kipimo ninachokiheshimu sana. Soma sentensi, angalia pembeni, soma tena. Ukiwa macho haibadiliki. Ndotoni herufi huhama, maneno hugeuka, ukurasa mzima huwa lugha nyingine. LaBerge aliripoti kwamba katika majaribio yake maandishi yalibadilika mara 75 kati ya 100 yaliporudiwa kusomwa mara moja, na mara 95 yaliporudiwa mara mbili. Somo liko hapo: usirudie mara moja tu, rudia mara mbili.

Saa ya tarakimu huenda hivyohivyo. Uitazame, uangalie kando, uitazame tena. Saa nane kasoro inageuka saa tisa na dakika themanini. Saa ya mishale si nzuri kwa kazi hii kwa sababu mshale unaweza kusogea kidogo usione tofauti.

Kikwazo cha kundi hili ni kwamba linahitaji kifaa. Ukijikuta ndotoni katikati ya bahari au juu ya mlima, huna cha kusoma. Tena wapo ambao ndoto zao hazina maandishi kabisa. Kabla hujachagua njia hii, jiulize tu: ni lini mara ya mwisho ulisoma kitu ndotoni? Ukikosa jibu, acha. Lakini kama kazi yako ni ya kushinda na maandishi, mwalimu, mhariri, karani, mwanafunzi anayejiandaa na mtihani, kipimo hiki kinaweza kukufaa kuliko pua, maana kitu chake kimejaa mchana wako na kuna uwezekano mkubwa kijae usiku wako.

Swichi ya taa mara nyingi inawekwa sambamba na maandishi, lakini mimi naiweka chini zaidi. Ni kweli kwamba Hearne, yuleyule wa Hull, aliwahi kuwaomba waotaji wanaojitambua wawashe taa ndotoni na wengi wao hawakuweza. Aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1981. Ni jambo la kupendeza kulisoma. Ila kwa mafunzo ya kila siku lina kasoro ya wazi: umeme hukatika hata ukiwa macho, na taa huungua. Kipimo ambacho jibu lake la "unaota" linaweza kuwa tukio la kawaida la mchana kinaizoesha akili kupuuza. Utabonyeza, taa haitawaka, utasema umeme umekatika, na ndoto itaendelea.

Vingine nivipitie haraka. Kusukuma kidole cha mkono mmoja kwenye kiganja cha mwingine ukitarajia kipenye kinafanya kazi vizuri kwa wenye hisia kali za mguso, na ni cha siri kama vidole. Nakiona kuwa mwenza mzuri wa pua, si badala yake. Kioo kinatoa sura za ajabu ndotoni, lakini mtu mwenye hofu asikitumie, maana sura ile inaweza kugeuza ndoto kuwa jinamizi. Kuruka kidogo papo hapo uone kama utashuka polepole kuna utamu wake, ila natahadharisha kwa moyo wote: kipimo chochote kile kiwe cha namna ambayo hata kama umekosea na uko macho, hakuna kitakachokudhuru. Usiruke kutoka ngazini, usiguse moto, usivuke barabara kwa kudhani unaota. Kama jibu halijawa wazi, jichukulie uko macho.

Swali dhidi ya tendo

Hapa ndipo penye uzito wa mambo yote, na ndipo wengi hupapita mbio.

Paul Tholey, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyezieleza mbinu zake kwa kina mwaka 1983, hakuanza na vidole wala pua. Alianza na kujiuliza. Alitaka mtu ajiulize mara nyingi kwa siku kama yuko macho au anaota, aangalie pande zote kama kuna kisicho cha kawaida, na akumbuke yaliyotangulia: nimefikaje hapa? Dakika kumi zilizopita nilikuwa wapi? Kabla ya hapo je?

Swali hili linapima kitu ambacho pua haipimi. Ndoto haina njia ya kuingilia. Unajikuta tu uko sebuleni kwa mtu, au uko safarini, na hakuna mlango uliopitia wala gari uliyopanda. Ukizirudisha fikra nyuma, kamba inakatika mkononi. Mchana kamba haikatiki: niko hapa kwa sababu nilitoka chumbani, chumbani niliingia baada ya kunawa, na kadhalika mpaka asubuhi.

Ubora mkubwa wa swali hili ni kwamba huwezi kulifanya kwa mazoea. Kubana pua, baada ya siku ishirini, mkono unaenda wenyewe. Wahenga walisema mazoea yana taabu, nami nimeiona taabu hiyo: nimewahi kubana pua ndotoni kama mtu anayepangusa jasho, hewa ikapita, nami sikusikiliza jibu. Tendo lilikuwa limenifuata usingizini, lakini shaka iliyopaswa kuandamana nalo ilikuwa imebaki mchana. Kukumbuka njia uliyopitia hakufanyiki bila akili kuwapo.

Udhaifu wake nao upo. Ndoto inaweza kukutengenezea kumbukumbu ya uongo, ukajibu kwa ujasiri kwamba umekuja na ndugu yako, kumbe ndugu huyo yuko mbali kabisa. Na swali lenyewe ni zito: siku ya uchovu utaliruka. Tendo ni jepesi ila linachakaa. Swali halichakai upesi ila linachosha.

Kwa hiyo mimi sichagui kati ya hivi viwili. Swali hutangulia, tendo hufuata. Nasimama, naangalia nilipo, najiuliza nimefikaje hapa, kisha, nikiwa bado natarajia kwa kweli kwamba huenda naota, nabana pua. Baada ya hapo nabaki sekunde chache nikisikiliza jibu. Yote haya ni kama nusu dakika. Mara sita kwa siku kwa namna hii zimenifaa kuliko mara arobaini za kubana pua tu. Na hii ndiyo ile kinga niliyoiahidi: anayeingia kwenye kipimo akiwa na hakika ya jibu hata hewa ikipita atatafuta sababu, lakini aliyeingia akiwa hajui, hewa ikipita, ndiyo habari aliyokuwa akiisubiri.

Kwa saa au kwa ishara

Ukishachagua kipimo, chagua wakati wake. Wapo wanaoweka kengele ya simu kila baada ya saa mbili. Wapo wanaojipima kila wanapokutana na jambo fulani.

Kengele ina faida moja tu, haikusahau. Kwa wiki ya kwanza itumie. Baada ya hapo inakulemaza, kwa sababu unachokizoesha ni kujipima unapoitwa, na ndotoni hakuna wa kukuita.

Ishara ni jambo jingine kabisa. Weka daftari kando ya kitanda, na kila unapoamka, kabla hujajigeuza, andika ulichokiota hata kama ni neno moja. Baada ya wiki mbili au tatu soma yote kwa pamoja. Utaona mambo yanayojirudia: unachelewa safari, unarudi shule uliyoiacha zamani, umepoteza viatu, meno yanang'oka, ngazi hazina mwisho. Hizo ndizo ishara zako. Mchana, kila linapotokea jambo linalofanana nazo, au hata unapolikumbuka tu, jipime.

Ishara yangu kubwa ni marehemu bibi yangu. Daftari lilinionyesha jambo ambalo sikuwa nimeligundua, kwamba anakuja ndotoni karibu kila mwezi, yuko hai, tunazungumza, nami sishangai hata kidogo. Nikaamua kwamba kila nitakapomkumbuka mchana, nitajiuliza nimefikaje hapa na kubana pua. Ilichukua kama miezi miwili. Usiku mmoja alikuwa amekaa mkekani, akanitazama, mkono wangu ukaenda puani, pumzi ikapita. Sikuruka wala sikupaa, ingawa nilikuwa nimejiahidi nitafanya hivyo. Nilikaa chini karibu naye, nikamsikiliza. Hakuna kengele ya simu ambayo ingenifikisha pale.

Kwa asiyekumbuka ndoto zake kabisa, daftari linatangulia vipimo vyote. Kujitambua katika ndoto utakayoisahau ni kama hukujitambua.

Kipimo peke yake, au pamoja na nia

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa vipimo hawalipendi. Vipimo peke yake vinachelewa. Mwaka 2017 Denholm Aspy wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, alichapisha utafiti ambamo watu waligawanywa makundi na kufanya mbinu tofauti kwa wiki moja. Waliofanya vipimo vya uhalisia tu hawakupata nyongeza ya maana. Waliounganisha vipimo, kuamka baada ya saa tano za usingizi, na mbinu ya nia aliyoibuni LaBerge walifanikiwa katika takriban asilimia 17 ya majaribio. Na miongoni mwao, walioweza kupata usingizi ndani ya dakika tano baada ya kumaliza kuweka nia, walifanikiwa karibu asilimia 46.

Mbinu ya nia ni nyepesi kuieleza. Unaamka alfajiri, unaikumbuka ndoto uliyotoka kuiota, unajiambia, "Nitakapoota tena, nitakumbuka kwamba naota," kisha unajiona akilini umerudi ndani ya ndoto hiyohiyo na sasa unaitambua. Unarudia mpaka usingizi ukupitie. Alfajiri imechaguliwa kwa sababu hatua ya usingizi yenye ndoto nyingi, ile ambayo macho huchezacheza chini ya kope, hurudi takriban kila dakika 90 na huwa ndefu zaidi kadiri usiku unavyoelekea asubuhi. Saa za mwanzo ni za usingizi wa pono, na huko hakuna mengi ya kukamata.

Je, wiki moja inatosha kukihukumu kipimo? Naamini haitoshi. Tabia ya kutilia shaka haijengeki kwa siku saba, na mimi mwenyewe pua haikunijibu hadi mwezi wa pili. Lakini naukubali ujumbe wa matokeo yale: kama una haraka, nia na alfajiri ndizo zenye nguvu, na kipimo ni cha kuthibitisha tu. Kama huna haraka, au kama huwezi kuuvunja usingizi wako, kipimo kilichofanywa kwa dhati mchana ni njia ya polepole isiyokugharimu hata dakika moja ya kulala.

Na gharama hiyo ni ya kweli. Mwenye kulala saa chache, mwenye kazi za usiku, mama mwenye mtoto mchanga, asijiamshe alfajiri kwa ajili ya ndoto. Kuamka namna hiyo pia huwaongezea baadhi ya watu hali ya kuzinduka mwili ukiwa bado umelegezwa, hawawezi kusogea, wengine wakahisi kuna mtu chumbani. Hali hiyo hupita yenyewe, lakini inatisha. Na yeyote ambaye amewahi kupata maradhi ya akili yanayomchanganya kati ya kilicho halisi na kisicho halisi, au ambaye mchana huiona dunia kama si ya kweli, asianze kujiuliza mara kumi kwa siku kama anaota kabla ya kuzungumza na daktari wake. Kwake yeye swali hilo si zoezi.

Nani achukue kipi

Anayeanza na hana sababu maalumu achukue pua, atangulize swali la nimefikaje hapa, na aongeze ishara mbili kutoka kwenye daftari lake. Hilo ndilo pendekezo langu bila kusitasita.

Anayeishi na watu wengi na anaona haya achukue kidole kwenye kiganja au vidole, ila ahesabu akitarajia kwa dhati kukuta sita, asitarajie vitano vya kila siku. Mtu wa maandishi achukue maandishi na arudie mara mbili. Mwenye mafua ya kudumu au pua iliyoziba aachane na pua, kwa sababu mchana hatapata tofauti iliyo wazi. Mwenye majinamizi yanayojirudia ana faida ambayo wengine hawana: ishara yake anaijua tayari. Kama ni kufukuzwa, basi kila anapohisi mapigo ya moyo kwenda mbio mchana ajipime, na asitumie kioo.

Anayejua kuamka kwa uongo, ile hali ya kuota kwamba umeamka, umevaa, umeanza siku, kumbe bado umelala, huyo nampa wakati mmoja wa kujipima ulio muhimu kuliko nyakati nyingine zote, yaani kila anapofumbua macho. Mimi ni mmoja wao. Ndoto hizi huiga chumba kwa uaminifu wa kushangaza, kwa hiyo kutazama hakusaidii, na swali la nimefikaje hapa halisaidii pia, maana jibu lake ni rahisi mno: nimeamka. Hapo pua haina mpinzani.

Kila asubuhi, kabla sijakanyaga sakafu, nafumba mdomo na kubana pua. Siku nyingi kifua kinagoma, nami nainuka. Asubuhi chache sana pumzi imepita, na nilipogeuka kutazama dirisha, lilikuwa upande wa pili wa chumba.